Kalenda ya Kuazima: Ukame wa Kale wa Afrika Mashariki katika Tope, Barafu na Matumbawe

Vituo vya kupimia mvua katika Afrika Mashariki havina umri mkubwa, kwa kuwa vingi vilianzishwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, vikiwekwa kwenye bandari, misheni, stesheni za reli na maboma ya utawala wa kikoloni, na daftari zake, hata zile zilizotunzwa vizuri, hazirudi nyuma kupita vizazi vichache. Kwa mkulima anayetaka kujua kama vuli ya mwaka huu imechelewa, daftari hizo zinatosha. Kwa anayeuliza kama eneo hili limewahi kukaa miaka hamsini mfululizo bila masika ya kushibisha ardhi, hazina jibu. Swali hilo la pili ni la elimu ya tabianchi ya kale, yaani elimu inayochunguza hali ya hewa ya zama ambazo hakuna aliyeipima, na njia yake ni kusoma viwakilishi. Kiwakilishi ni kitu kinachoweza kupimwa leo, kama vile gamba la mwani, punje ya chavua au tabaka la vumbi ndani ya barafu, ambacho hali yake ilitegemea mvua au joto la wakati kilipojengeka, ingawa chenyewe si mvua wala joto.

Wengi hudhani kwamba ugumu wa elimu hii uko katika kuutambua ukame wenyewe. Kwa kweli ziwa lililokauka huacha alama ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huiona, kwa kuwa katikati ya tope laini hutokea ghafla tabaka la udongo mgumu, uliopasuka kwa jua, wenye vimizizi vya nyasi zilizoota pale palipokuwa pakiogelea samaki. Ugumu uko katika mwaka. Mhadhara huu unashikilia kwamba sehemu kubwa ya tarehe zinazotajwa katika historia ya ukame wa eneo hili ni tarehe za kuazimana, ambapo barafu ya mlimani imekopa miaka yake kwa pango la nchi ya mbali na masimulizi ya wazee yamekopeshwa miaka na mto, na kwamba kabla ya kushangilia makubaliano ya mashahidi wawili ni lazima kwanza kuuliza ni nani aliyemkopesha mwenzake.

Ziwa Naivasha, lililoko katika Bonde la Ufa nchini Kenya kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890, ndilo shule nzuri ya kuanzia. Ziwa hilo hupokea maji ya mito ya Malewa na Gilgil na halina mto unaotoka juu ya ardhi, lakini sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi, na ndiyo maana maji yake yamebaki baridi ilhali majirani zake, Elmenteita na Nakuru, ni maziwa ya magadi. Mvua zikipungua kwa miaka kadhaa, maji hushuka upesi na chumvi huongezeka. Upande wa mashariki, kando ya Kisiwa cha Crescent, kuna kasoko ya volkeno iliyozama, yenye kina kuliko sehemu nyingine yoyote ya ziwa, ambayo ziwa kuu likishuka hutengwa na kubaki kiziwa cha peke yake. Kwa hiyo hata katika miaka ambayo ziwa kuu lilikuwa limegeuka uwanda wa nyasi, kasoko hiyo iliendelea kushika maji na kukusanya mashapo, yaani chembe za udongo, mimea na viumbe zinazotulia chini mwaka baada ya mwaka.

Wataalamu Dirk Verschuren, Kathleen Laird na Brian Cumming waliyasoma mashapo hayo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000 katika jarida la Nature. Katika kazi ya namna hii bomba hushindiliwa wima katika sakafu ya ziwa, hutolewa na mcheduara mrefu wa tope, na tope hilo hukatwa vipande vyembamba kama muuzaji akatavyo mche wa sabuni. Ndani ya kila kipande walitafuta viumbe wa aina mbili. Wa kwanza ni daiatomu, mwani wa seli moja usioonekana kwa macho matupu, ambao hujijengea gamba la silika, dutu ileile inayotengeneza kioo, na gamba hilo halioozi. Wa pili ni mabuu ya vijidudu wanaoruka kwa makundi kama mawingu juu ya maziwa, wanaofanana na mbu ila hawaumi; mabuu hao huishi topeni, na vichwa vyao vigumu hubaki salama kwa maelfu ya miaka. Kila spishi ya daiatomu na ya mabuu hao ina kiwango cha chumvi inachokipenda, na kiwango hicho hujulikana kwa kuchunguza maziwa ya leo, ambayo chumvi yake imepimwa na wakazi wake wamehesabiwa. Hivyo kundi la viumbe lililomo katika kipande cha tope huweza kugeuzwa kuwa makadirio ya chumvi, na chumvi kuwa makadirio ya kina cha maji.

Picha iliyotoka ilikuwa ya kustaajabisha. Kati ya takriban mwaka 1000 na 1270 eneo la Naivasha lilikuwa kavu kuliko lilivyo leo. Kuanzia 1270 hadi 1850 hivi lilikuwa na mvua nyingi kwa jumla, lakini neema hiyo ilikatizwa mara tatu na vipindi virefu vya ukame, wa kwanza takriban kati ya 1380 na 1420, wa pili kati ya 1560 na 1620, na wa tatu kati ya 1760 na 1840, na kila kimoja kilikuwa kikali kuliko ukame wowote uliowahi kurekodiwa katika karne ya 20. Daiatomu na mabuu walikubaliana kwa kiasi kikubwa. Hapa ndipo penye haja ya kusimama kidogo, kwa sababu mashahidi hao wawili wanapokubaliana wanakubaliana juu ya chumvi tu. Juu ya mwaka hawawezi kusaidiana hata kidogo, maana wamelala katika kipande kimoja cha tope na wana tarehe moja, iwe sahihi au ya makosa.

Tarehe ya tope hutokana hasa na kaboni 14, aina ya kaboni yenye unururifu ambayo viumbe hai huichukua hewani na ambayo, kiumbe akishakufa, hupungua kwa kasi inayojulikana, nusu yake ikitoweka kila baada ya miaka 5,730. Willard Libby wa Chicago aliianzisha njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940 na kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1960. Katika maziwa ya Bonde la Ufa njia hiyo ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kwamba gesi za volkeno na miamba ya zamani huingiza majini kaboni nzee isiyo na unururifu wowote, mwani ukailisha miili yake kaboni hiyo, na tope la jana likaonekana ni la karne kadhaa zilizopita. Mtego wa pili ni mbaya zaidi na hauhusu ziwa lolote moja: kiasi cha kaboni 14 angani kiliyumba sana baada ya 1650 hivi, kisha moshi wa makaa ya mawe ya viwanda ukaja kukizimua, hivi kwamba kipande cha mkaa cha mwaka 1680 na kingine cha mwaka 1850 vinaweza kutoa jibu moja maabarani.

Kwa tope changa hutumika risasi 210, ambayo hunyesha kutoka angani na nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 22 hivi, nayo hutoa tarehe nzuri kwa muda wa takriban miaka 150 iliyopita, baada ya hapo kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Msomaji akiziweka kalenda hizo mbili kando kwa kando ataona kwamba pale kalenda ya risasi inapoishia, ile ya kaboni bado haijatulia, na kwamba pengo hilo la karibu karne mbili ndilo hasa ulimoangukia ukame wa tatu wa Naivasha. Ukame ulio karibu nasi kuliko yote mitatu, ambao mababu wa watu wanaojulikana kwa majina waliuishi, ndio wenye tarehe ngumu kuthibitisha.

Hapo ndipo masimulizi ya wazee yalipoonekana kama mwokozi. Mwaka 1979, zaidi ya miaka ishirini kabla ya kazi ya Naivasha, mwanahistoria J. B. Webster alihariri kitabu kuhusu kronolojia, uhamaji na ukame katika eneo la Maziwa Makuu, ambamo masimulizi ya falme na koo za Uganda na nchi jirani yalipangwa kwa kuhesabu vizazi na kuvipa kila kimoja wastani wa miaka. Njaa kuu zilizotajwa humo zilibaki na majina, kama vile Nyarubanga, inayohusishwa na mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa ya 17, na Lapanarat, inayohusishwa na kipindi cha baada ya 1760. Timu ya Naivasha ilipoziweka tarehe hizo kando ya za tope, vipindi vitatu vya ziwa vilikaa karibu sawasawa na vipindi vitatu vya masimulizi, na makala nyingi tangu hapo zimelitaja jambo hilo kama ithibati kwamba simulizi na sayansi vimekutana.

Inawezekana vimekutana. Lakini ndani ya kitabu hichohicho cha 1979 imo sura ya R. S. Herring inayotumia vipimo vya Mto Nili vya kisiwa cha Roda, Cairo, kama msaada wa kuzipa tarehe historia za Maziwa Makuu. Vipimo hivyo vya kina cha mto vinarudi nyuma hadi mwaka 622, na jengo la kupimia linaloonekana leo ni la mwaka 861. Mantiki ya kuvitumia ni nzuri: gharika ya kiangazi ya Misri hutoka hasa Uhabeshi kupitia Nili ya Buluu, lakini kiwango cha chini cha mto, kabla gharika haijafika, hutegemea zaidi Nili Nyeupe, yaani mvua za Ziwa Viktoria na jirani zake. Hata hivyo sakafu ya mto huinuka kwa matope, vizio vya vipimo vilibadilika kadiri watawala walivyobadilika, na baada ya karne ya 15 kumbukumbu zina mapengo makubwa. Hivyo basi njaa ya simulizi iliyosogezwa ili ilingane na mwaka wa maji machache kule Cairo haiwezi kuhesabiwa tena kuwa shahidi huru. Kosa si la wazee waliosimulia, ambao hawakuwahi kutaja mwaka 1587 wala 1760. Walitaja mtawala, rika na ng'ombe waliokufa, na miaka ikabandikwa baadaye na wengine.

Barafu ya Kilimanjaro inatoa mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walichimba miche sita ya barafu kileleni, na miaka miwili baadaye wakachapisha katika jarida la Science historia ya takriban miaka 11,700, yenye vipindi vitatu vya mabadiliko ya ghafla, karibu miaka 8,300, 5,200 na 4,000 iliyopita. Kipindi cha mwisho kinaonekana kama tabaka jeusi la vumbi, na kiliunganishwa na ukame mkubwa unaojulikana pia katika Misri na Mesopotamia. Lakini barafu ya Kilimanjaro haina matabaka ya mwaka yanayohesabika hadi chini, na viumbe vya kupimwa kaboni ni haba. Miaka ya sehemu ya chini ilipatikana kwa kulinganisha mabadiliko ya oksijeni 18, aina nzito ya oksijeni, na mabadiliko kama hayo katika mawe ya chokaa ya pango la Soreq, karibu na Jerusalem. Kuna wataalamu, Georg Kaser akiwa mmoja wao, wanaodai kwamba barafu ya kilele hicho kilicho bapa huweza kuja na kutoweka kwa muda mfupi zaidi, hivyo huenda haikudumu mfululizo kwa miaka yote hiyo. Anayesema kwamba vumbi la Kilimanjaro linathibitisha kuwa ukame wa miaka 4,000 iliyopita ulifika Afrika Mashariki wakati uleule ulipofika Mashariki ya Kati anapaswa kukumbuka kwamba saa ya mlima ilitegwa kwa kuifuata saa ya Mashariki ya Kati.

Ukame wa zama za mbali sana hauna taabu hii kwa kiwango hicho, kwa sababu kosa la miaka mia moja halibadilishi hadithi. Mashapo ya Ziwa Viktoria, yaliyochunguzwa na Thomas Johnson na wenzake katika miaka ya 1990, yanaonyesha kwamba ziwa hilo lilikauka kabisa takriban miaka 17,000 iliyopita, likawa uwanda mkavu kutoka Mwanza hadi Kisumu, na mamia ya spishi za furu zinazolijaza leo zimetokea tangu liliporudi. Chini ya Ziwa Nyasa, uchimbaji wa mwaka 2005 ulikuta ushahidi wa ukame wa kutisha zaidi, kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ambapo maji yalishuka kwa mamia ya mita katika ziwa lenye kina cha mita 700. Masuala hayo yanawahusu zaidi wanabiolojia na wanaochunguza asili ya mwanadamu, na hayahitaji kukawiza mjadala huu.

Kosa la miaka mia moja huumiza pale mtu anapotaka kujua kama maziwa mawili yalikauka pamoja au kwa zamu, na hapo ndipo swali la mwaka linapokuwa swali la mahali. James Russell na Thomas Johnson, wakipima madini ya mashapo ya Ziwa Edward, mpakani mwa Uganda na Kongo, walikuta kwamba upande huo ulikuwa mkavu takriban kati ya 1400 na 1750, muda ambao Naivasha kwa jumla ilikuwa imejaa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mashariki na magharibi mwa eneo hili havinyeshewi na chanzo kimoja. Mashariki hutegemea unyevu wa Bahari ya Hindi na joto la uso wa bahari hiyo, ambalo nalo hufuata mizunguko ya El Nino na La Nina ya Bahari ya Pasifiki, ilhali magharibi huingiwa pia na unyevu wa upande wa Kongo. Kwa mtazamo huo, kusema kwa mkato kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na ukame au neema katika karne fulani ni kauli isiyo na maana mpaka itajwe ni Afrika Mashariki ipi.

Isipokuwa huenda katika karne ya 18. Mwaka 2008 Ilse Bessems, Verschuren na wenzao walichapisha matokeo ya maziwa matatu, Chibwera na Kanyamukali magharibi mwa Uganda na Baringo nchini Kenya, ambayo yote yana dalili za kukauka mwishoni mwa karne hiyo. Maziwa hayo yako mbali, pande mbili za Ziwa Viktoria, na mashapo yake yalipimwa kila moja peke yake. Kila ziwa lina wasiwasi wake wa tarehe, lakini tabaka gumu katika yote matatu limelala chini kidogo tu ya pale risasi 210 inapokoma, na jambo hilo halihitaji kuazima mwaka kwa yeyote. Huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko mlingano wowote wa majina ya njaa. Mwanahistoria David Anderson ameufuatia ukame wa Baringo hadi mwanzoni mwa karne ya 19, katika makala ya mwaka 2016 ambayo kichwa chake kinauliza kama hapo ndipo ulipo mwanzo wa wakati.

Pako mahali pawili katika eneo hili ambapo kalenda haihitaji kuazimwa kwa mtu. Pa kwanza ni Malindi, ambako matumbawe ya hifadhi ya bahari hukua kwa kuongeza pete kila mwaka kama shina la mti wa nchi za baridi. Julia Cole na wenzake walizisoma pete za miaka 194 na kukuta joto la bahari likipanda na kushuka pamoja na El Nino tangu mwanzo wa karne ya 19. Dominik Fleitmann na wenzake walisoma tumbawe la miaka 300 na kupima bari, metali inayoletwa na udongo wa Mto Sabaki, wakakuta kiasi chake kikiwa karibu kilekile kwa karne mbili, kisha kikianza kupanda baada ya 1900, pale ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa kwa nguvu mpya. Tumbawe hilo, ambalo wavuvi wangelipita bila kulitazama, limeweka hesabu ya mmomonyoko wa ardhi hiyo ya bara kwa uaminifu kuliko ofisi yoyote.

Pa pili ni Ziwa Chala, kasoko iliyojaa maji kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya chini ya Kilimanjaro. Chini kabisa mwa ziwa hilo hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna kiumbe anayefukua tope, na matabaka yake hubaki kama kurasa: jepesi na jeupe la daiatomu wanaostawi upepo wa kusi unapokoroga maji wakati wa kipupwe, kisha jeusi la msimu wa joto na mvua. Christian Wolff na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba unene wa jozi hizo hufuata upepo na mvua, ukiongezeka katika miaka mikavu ya La Nina. Mwaka 2016 mradi wa kimataifa ulichimba mashapo ya ziwa hilo kwa kina cha zaidi ya mita 200, ambayo yanarudi nyuma takriban miaka 250,000.

Katika kurasa za juu za mashapo hayo, mahali pasipozidi mita chache kutoka sakafu ya ziwa, ndipo penye jozi za miaka ya 1760 hadi 1840, zinazoweza kuhesabiwa moja moja kuanzia leo kurudi nyuma bila kuuliza Mto Nili, pango wala mtawala wa Bunyoro. Mpaka hesabu hiyo iwekwe kando ya tope la Naivasha na la Baringo, ukame wa tatu uandikwe vitabuni kuwa wa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, na walimu wa historia wasiwadai wanafunzi mwaka wake.